RNA zisizotunga protini na minyoo wa mizizi: zinaulinda mmea, au zinamtumikia mnyoo?

#1 Mzizi_Mrefu

Habari zenu wanajukwaa.

Nimekuwa nikifuatilia namna mazao yanavyokabiliana na minyoo wanaoishi kwa kunyonya mizizi, hasa minyoo fundo wa jenasi ya Meloidogyne pamoja na wale wa vifuko, yaani Heterodera na Globodera. Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba mnyoo akishaingia mzizini, mmea hupandisha au kushusha viwango vya RNA zake zisizotunga protini, hasa maikroRNA (RNA fupi zinazozima jeni nyingine), na mabadiliko hayo huhesabiwa moja kwa moja kuwa ni kujikinga. Mimi nadai kinyume: sehemu kubwa ya mabadiliko hayo humnufaisha mnyoo.

Naanza na hoja moja. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi na Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara, walionesha kuwa mimea iliyovurugwa jeni za DCL, ambazo hutoa vimeng'enya vya kukata RNA kuwa vipande vidogo, ilishambuliwa na Heterodera schachtii kwa kiwango cha chini kuliko mimea ya kawaida. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa mimea iliyovurugwa jeni za RDR, ambazo hutoa vimeng'enya vya kutengeneza RNA ya nyuzi mbili. Kama RNA ndogo ni kinga ya mmea, iweje ukiipunguza kinga hiyo, adui ndiye anayedhoofika?

#2 Bi_Maabara

Ahsante kwa mada, Mzizi_Mrefu. Niwawekee msingi wale watakaosoma bila kuwa na somo hili mkononi.

Jeni nyingi hunakiliwa kuwa RNA, kisha RNA hiyo husomwa ili kutengeneza protini. Zipo RNA ambazo kazi yake huishia katika RNA yenyewe. MaikroRNA za mimea huwa na urefu wa nyukleotidi (herufi za RNA) 20 hadi 24, nyingi zikiwa na 21. Hukatwa na DCL1 kutoka katika RNA iliyojikunja, hupakiwa kwenye protini iitwayo AGO1, kisha huongoza AGO1 hadi kwenye RNA ya jeni nyingine yenye mfuatano unaolandana nayo, na RNA hiyo hukatwa au huzuiwa kusomwa. Zipo pia siRNA, vipande vidogo vinavyokatwa kutoka RNA ya nyuzi mbili; zile za nyukleotidi 24 huelekeza kwenye DNA alama za methili, ambazo kwa kawaida huzima jeni. Na zipo RNA ndefu, zenye zaidi ya nyukleotidi 200, ambazo kazi zake ni za namna nyingi.

Kwa hiyo tunaposema "RNA zisizotunga protini zinasaidia" tumeweka makundi yasiyofanana katika sentensi moja. Naomba kila mchangiaji ataje anazungumzia kundi gani.

#3 Kalamu_Kavu

Mkuu Mzizi_Mrefu, umeanza na hoja nzito kupita uzito wa ushahidi wake. Mmea uliovurugwa DCL haukupoteza RNA moja inayohusu minyoo. Umepoteza mpangilio mzima wa ukuaji. Mmea wa DCL1 iliyolemaa huwa na majani yasiyo ya kawaida, maua yenye kasoro na mizizi isiyokua ipasavyo. Mnyoo anayehitaji seli hai, zenye uwezo wa kugeuzwa kuwa kituo cha kumlisha, akikuta mzizi wa namna hiyo atashindwa tu, na kushindwa kwake hakuthibitishi kwamba RNA ndogo zilikuwa upande wake. Ni kama kuzima umeme wa mtaa mzima kisha ukadai umegundua taa iliyokuwa ikimsaidia mwizi.

#4 Jeni_Bubu

Naungana na Kalamu_Kavu kwamba tushuke hadi kwenye RNA moja moja. Mfano uliochunguzwa kwa kina ni miR396, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, tena kwa Arabidopsis na Heterodera schachtii.

miR396 huzuia jeni za kundi la GRF, ambazo huchochea ukuaji wa seli. Mwanzoni, mnyoo anapoanza kugeuza seli za mzizi kuwa seli jitu za kumlisha, miR396 hushuka, na kwa sababu hiyo GRF1 na GRF3 hupanda. Baadaye, kituo cha kulishia kikishakamilika, miR396 hupanda tena na GRF hurudi chini. Mimea iliyolazimishwa kuwa na miR396 nyingi wakati wote ilikuwa na vituo vidogo vya kulishia, na minyoo wengi hawakukomaa.

Kwa mfano huu, miR396 ikiwa nyingi humzuia mnyoo. Mzizi_Mrefu, hapo dai lako linasimama wapi?

#5 Mtafiti_Mstaafu

Vijana, salaam. Sahihisho kwa chapisho la 4, kwa sababu linagusa hoja yote. Heterodera hatengenezi seli jitu.

Minyoo fundo, yaani Meloidogyne, huingia karibu na ncha ya mzizi, hupita katikati ya seli bila kuzivunja, huteremka hadi nchani kisha hugeuka na kupanda ndani ya mhimili wa mishipa. Hapo huchagua seli chache, kwa kawaida tano hadi saba, na kila moja hugawanya kiini chake mara nyingi bila yenyewe kugawanyika, hadi inakuwa jitu lenye viini vingi. Minyoo wa vifuko hupita ndani ya seli wakizitoboa, kisha huchagua seli moja, na kuta kati ya seli hiyo na jirani zake huyeyushwa, seli zikaungana kwa mamia na kuwa kitu kimoja kiitwacho sinsitiamu.

Kwa hiyo njia moja ni ya kugawanya viini, nyingine ni ya kuunganisha seli. Mtu asichukue matokeo ya miR396 kutoka kwenye sinsitiamu akayahamishia kwenye vifundo vya mizizi ya nyanya kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

#6 Jeni_Bubu

Nimepokea, Mzee. Sinsitiamu, siyo seli jitu. Swali langu kwa Mzizi_Mrefu linabaki.

#7 Mzizi_Mrefu

Najibu la 3 na la 4 kwa pamoja.

Jeni_Bubu, mfano wako wenyewe unanisaidia. Nani aliyeishusha miR396 mwanzoni? Mmea usiokuwa na mnyoo hauishushi mahali hapo. Ikiwa kushuka kwake ndiko kunakoruhusu sinsitiamu kuanza, basi swichi ya mmea imebonyezwa kwa faida ya mgeni.

Kalamu_Kavu, unataka RNA moja moja, nakupa tatu. Ya kwanza ni miR827. Hupanda ndani ya sinsitiamu na kuzuia jeni iitwayo NLA. Mimea iliyopewa miR827 nyingi ilizidi kushambuliwa, na ile ambayo miR827 yake ilinaswa isifanye kazi ilishambuliwa kidogo. Ya pili ni miR159, safari hii kwa minyoo fundo: mimea ya Arabidopsis iliyovurugwa jeni zote tatu za miR159 ilipata vifundo vichache. Ya tatu inatoka kwenye zao lenyewe, nyanya. miR319 huzuia jeni ya TCP4, na TCP4 husaidia kuongeza asidi ya jasmoniki, homoni ya kujihami. Nyanya zilizopewa miR319 nyingi ziliathirika zaidi na Meloidogyne incognita, na zile zilizopewa TCP4 isiyoweza kukatwa na miR319 zilihimili vizuri zaidi.

Kwa mifano hiyo mitatu, maikroRNA ikiwepo mnyoo hunufaika, ikiondolewa au ikikwepwa mnyoo hukwama.

#8 Mkulima_Msomi

Habari za kazi. Mimi nalima nyanya kitalu nyumba, na mambo ya RNA nayasoma kwa kupenda tu. Naomba kuuliza jambo la kivitendo.

Nilipanda aina iliyoelezwa kuwa kinzani kwa minyoo fundo. Msimu wa baridi mizizi ilikuwa misafi. Msimu wa joto, kwenye udongo ule ule na kwa mbegu ya aina ile ile, nilipong'oa miche iliyonyauka mchana nilikuta mizizi imejaa vifundo kama shanga, mingine imeungana na kuwa bonge lisilo na vinyweleo. Je, joto linaweza kuvuruga hizi RNA ndogo hadi ukinzani ukapotea? Au niliuziwa mbegu ya uongo?

#9 Mtafiti_Mstaafu

Ndugu Mkulima_Msomi, usiharakishe kumlaumu aliyekuuzia. Aina nyingi kinzani za nyanya hutegemea jeni moja, Mi-1, iliyotolewa kwa jamaa wa porini wa nyanya, Solanum peruvianum, katika miaka ya 1940, na mfuatano wake ukajulikana mwaka 1998. Jeni hiyo hutoa protini inayomtambua mnyoo na kuifanya seli aliyoichagua ife kabla hajaanza kula. Udhaifu wake unafahamika: joto la udongo likizidi nyuzi 28 za Selsiasi, ukinzani hulegea. Tena haizuii spishi zote. Meloidogyne hapla huipita, na Meloidogyne enterolobii pia.

Pima joto la udongo kwenye kina cha mizizi, siyo la hewa. Matandazo yanaweza kukusaidia kidogo.

#10 Bi_Maabara

Niongezee hapo kwa Mzee. Swali la Mkulima_Msomi kuhusu RNA halikuwa la kupuuzwa. Mi-1 ni mojawapo ya kundi kubwa la jeni za ukinzani, na mimea huzidhibiti jeni za kundi hilo kwa maikroRNA za familia ya miR482. Sababu yake inaeleweka: protini za namna hiyo zikizidi bila adui, mmea huanza kujiua seli zake au hudumaa. Adui akija, miR482 hushuka, breki inaachiwa, na jeni za ukinzani hupanda. Huo ni mfano wa RNA ndogo inayousaidia mmea kujibu kwa wakati, na kwa maoni yangu unapunguza makali ya chapisho la 1. Ndivyo ilivyooneshwa kwa nyanya na minyoo.

#11 Nyuzi_Mbili

Bi_Maabara, sentensi yako ya mwisho hapana. Kazi ya mwaka 2012 iliyoonesha miR482 ikishuka na jeni za ukinzani zikipanda katika nyanya ilihusu virusi na bakteria. Kuihamishia kwa minyoo ni dhana nzuri, lakini ni dhana.

Na kuna kikwazo cha kimantiki. Virusi na bakteria wale walishusha miR482 kwa sababu wao wenyewe hubeba silaha za kuvuruga mfumo wa RNA ndogo wa mmea, na mmea ukageuza uvurugaji huo kuwa king'ora. Ili hoja yako isimame kwa minyoo, lazima kwanza uoneshe kuwa mnyoo naye anauvuruga mfumo huo kwa ujumla. Lakini mifano ya Mzizi_Mrefu katika la 7 inaonesha mnyoo akiuhitaji mfumo huo ufanye kazi.

#12 Bi_Maabara

Hoja ya kimantiki naichukua, ila sioni kwa nini mnyoo asiweze kuhitaji RNA fulani na kuvuruga nyingine. Mate yake yana protini nyingi zinazotoka kwenye tezi tatu za koromeo, mbili zikifanya kazi zaidi wakati wa kupenya na moja wakati wa kulisha. Kudhani zote zinasukuma upande mmoja ni kumrahisisha mno.

#13 Shaba_Nyekundu

Naona mjadala umegawanyika kati ya "mmea unajikinga" na "mnyoo anauchezea mmea". Kuna maelezo ya tatu: inawezekana hakuna anayelenga chochote kupitia RNA hizi, bali ni hali ya kawaida ya seli inayokua kwa kasi.

Chukueni miR408 na miR398. Hizi hupanda mmea unapokosa shaba, na huzuia protini zinazotumia shaba ili kiasi kidogo kilichopo kiende kwenye kazi za lazima. Kiongozi wake ni protini iitwayo SPL7. Mwaka 2022 ilioneshwa kuwa RNA hizi zimepanda ndani ya vifundo vya Meloidogyne incognita, na kwamba mimea ya Arabidopsis iliyovurugwa jeni hizo ilipata vifundo vichache. Kilichonivutia zaidi ni hiki: mimea iliyomwagiwa salfeti ya shaba kwa kiwango kisichomdhuru mnyoo mwenyewe ilishusha RNA hizo, na vifundo vikapungua.

Seli jitu ni kiwanda chenye njaa. Inawezekana mahitaji yake makubwa ndiyo huzifanya seli zijione zina upungufu wa shaba, na RNA hizo zikapanda kama zinavyopanda kwa upungufu mwingine wowote.

#14 Mkulima_Msomi

Kwa hiyo nikimwaga salfeti ya shaba kwenye nyanya zangu nitapona?

#15 Shaba_Nyekundu

La hasha. Hiyo ilikuwa Arabidopsis katika mazingira ya kudhibitiwa. Shaba hujilimbikiza udongoni, haiozi, na ikizidi huua mizizi pamoja na viumbe wa udongo unaowahitaji. Badilisha mazao na uchague aina kinzani kwanza.

#16 Kalamu_Kavu

Mkulima_Msomi, tafadhali usiugeuze uzi huu kuwa duka la pembejeo.

Sasa niseme jambo linalonikera katika mifano yote iliyotajwa. Wengi husema "RNA fulani ilipanda kwenye kifundo" bila kueleza kifundo ni nini. Chukua mzizi wenye vifundo, uoshe polepole usipoteze vifuko vya mayai, uloweke kidogo kwenye dawa ya kung'arishia yenye klorini, usuuze vizuri, kisha uuchemshe kwenye rangi ya asidi fuksini na kuusafisha. Chini ya hadubini utamwona mnyoo jike amekuwa mwekundu, amevimba kama pea, kichwa kimezama kwenye mhimili wa mishipa. Kando ya kichwa hicho ndipo zilipo seli jitu, na idadi yake haifiki hata kumi. Tishu nyingine yote inayokizunguka kichwa ni seli za kawaida zilizogawanyika na kuvimba, mishipa iliyopindishwa, na hata chanzo cha mzizi mpya wa pembeni.

Ukisaga kifundo kizima na kusoma RNA zake, unasoma umati. RNA ikipanda mara tatu kwenye seli jitu lakini ikashuka kidogo kwenye tishu inayoizunguka, matokeo yatasema haijabadilika. Ndiyo maana siku ya tatu na siku ya kumi na nne baada ya maambukizi hutoa majibu tofauti: uwiano wa tishu umebadilika, na huenda RNA yenyewe ndani ya seli haijabadilika kabisa.

#17 Jeni_Bubu

Kalamu_Kavu leo umeandika kwa wino. Lakini hoja yako inazipiga tafiti za kusaga vifundo tu. Haizigusi zile za kuondoa au kuongeza RNA kisha kuhesabu minyoo, na mifano mingi katika la 4, la 7 na la 13 ni ya namna hiyo.

#18 Kalamu_Kavu

Inazigusa kwa mlango wa nyuma. Mmea uliopewa miR396 nyingi umepewa kila mahali, kuanzia jani hadi ncha ya mzizi. GRF zikishuka mmea mzima, mizizi huwa mifupi. Mizizi mifupi hupata minyoo wachache hata kama kinga haijabadilika. Nipeni jaribio ambalo RNA imebadilishwa ndani ya seli za kulishia pekee, nami nitanyamaza.

#19 Mtafiti_Mstaafu

Kuna ushahidi unaokaribia hapo. Kwa miR390, watafiti waliunganisha swichi ya jeni yake na kimeng'enya kinachotoa rangi ya samawati, wakaona rangi ikijitokeza ndani ya vifundo vya Meloidogyne javanica. miR390 huikata RNA isiyotunga protini iitwayo TAS3, vipande vinavyotokana nayo vikazuia jeni za ARF zinazoitikia oksini, homoni ya ukuaji. Njia hiyo hiyo hutumika mmea unapochipusha mizizi ya pembeni. Ndiyo maana mimi huegemea maelezo ya Shaba_Nyekundu zaidi ya mengine: mnyoo ameazima mpango uliokuwepo tayari wa kutengeneza kiungo kipya, na RNA ndogo zimekuja pamoja na mpango huo.

#20 Nyuzi_Mbili

Mmeng'ang'ania maikroRNA, na RNA ndefu zimesahaulika.

Mwaka 2007 ilioneshwa katika Arabidopsis kwamba RNA iitwayo IPS1, inayopanda mmea ukikosa fosfeti, huinasa miR399. Inalandana na miR399 karibu kote, isipokuwa katikati, pale AGO1 inapokata. Hapo zimeongezwa herufi chache zinazofanya mkunjo. miR399 inashika, inashindwa kukata, na inabaki imenaswa. Mbinu ya kunasa miR827 aliyoitaja Mzizi_Mrefu katika la 7 imetokana na ugunduzi huo.

Orodha za RNA ndefu zinazobadilika katika mizizi iliyoshambuliwa zimeshatengenezwa kwa nyanya na mazao mengine. Tatizo ni kwamba mfuatano wa RNA hizi hautunzwi vizuri kati ya spishi, kwa hiyo iliyopatikana kwenye nyanya huenda isiwepo kabisa kwenye soya. Kutabiri kwa kompyuta kwamba fulani inanasa fulani ni rahisi. Kuithibitisha ndani ya mzizi ni kazi nyingine.

#21 Mzizi_Mrefu

Swali la pembeni kidogo: je, RNA ya mmea inaweza kuingia ndani ya mnyoo na kumzima jeni zake? Hapo ndipo neno "kinga" lingekuwa na maana isiyopingika.

#22 Bi_Maabara

Kwa RNA iliyotengenezwa na binadamu, ndiyo. Mwaka 2006 Arabidopsis iliyowekewa RNA ya nyuzi mbili inayolenga jeni ya 16D10, ambayo mnyoo huitumia kutengeneza protini fupi ya asidi amino 13 katika mate yake, iliweza kuhimili spishi nne kuu za minyoo fundo. Hakuna ajabu kubwa hapo, maana uzimaji wa jeni kwa RNA ya nyuzi mbili ulielezwa kwanza mwaka 1998 kwa mnyoo Caenorhabditis elegans, na maikroRNA ya kwanza, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 kwa mnyoo huyo huyo. Tuzo ya Nobel ya 2006 na ile ya 2024 zina deni la shukrani kwa mnyoo huyo.

Mnyoo wa mizizi ana kizuizi chake, lakini. Chakula chake hupita kwenye mrija mwembamba anaoutengeneza ndani ya seli ya mmea, nao huchuja. Kwa Heterodera schachtii, molekuli za dekstrani (aina ya wanga) zenye uzito wa kilodalitoni 20 zilipita na za 40 zikakwama.

#23 Nyuzi_Mbili

Basi hesabu ni hii: siRNA ya nyuzi mbili yenye nyukleotidi 21 ina takriban kilodalitoni 14. Inapita. RNA ndefu ya nyuzi mbili ambayo DCL haijaikata ina uzito mkubwa mara nyingi zaidi.

#24 Kalamu_Kavu

Dekstrani ni bonge, RNA ya nyuzi mbili ni kijiti. Kijiti chembamba kinaweza kupenya tundu linalozuia bonge la uzito ule ule. Hesabu yako ya uzito haitoshi. Isitoshe, siRNA ndani ya mmea haielei peke yake, imeshikwa na AGO, na AGO pekee inazidi kilodalitoni 100.

#25 Methili_Moja

Nimechelewa, lakini kundi la nyukleotidi 24 alilolitaja Bi_Maabara katika la 2 limeachwa njiani. Sinsitiamu za Heterodera katika Arabidopsis na katika soya, na vifundo vya Meloidogyne graminicola katika mpunga, vyote vimeripotiwa kupoteza alama nyingi za methili kwenye DNA siku za mwanzo. Katika mpunga tafsiri iliyotolewa ni kwamba upotevu huo ni sehemu ya kinga, kwa kuwa dawa inayopunguza methili iliufanya mpunga ustahimili zaidi.

Kwa tafsiri hiyo, siRNA zinazoweka methili ndizo huzibana jeni za kinga, na mmea ukizipunguza unajifungua. Sasa rudini kwenye chapisho la 1: mimea iliyovurugwa DCL na RDR ilishambuliwa kidogo. Inawezekana haikuwa kwa sababu mnyoo alikosa RNA aliyoihitaji, wala kwa sababu mizizi ilidhoofika kama anavyosema Kalamu_Kavu, bali jeni za kinga zilikuwa wazi kabla hajafika.

#26 Mzizi_Mrefu

Ahsante, Methili_Moja. Maelezo yako yanatoa utabiri unaopimika: mimea iliyovurugwa DCL3 pekee, inayotengeneza zile za nyukleotidi 24, ingepaswa kuhimili kuliko iliyovurugwa DCL4, inayotengeneza siRNA za nyukleotidi 21. Nikiwa sahihi mimi, mmea uliovurugwa DCL1, ile ya maikroRNA, ndio ungeongoza.

#27 Kalamu_Kavu

Na urefu wa mizizi upimwe kabla ya kuhesabu minyoo. Idadi itolewe kwa kila sentimita ya mzizi, siyo kwa kila mmea.

#28 Mtafiti_Mstaafu

Pamoja na ukubwa wa sinsitiamu kwa kila jike aliyekomaa, Kalamu_Kavu. Katika minyoo wa vifuko, lishe ikiwa haba wengi huishia kuwa madume, na dume hataonekana kwa anayehesabu vifuko pekee.